DAFTARI MOJA LA SIKU NA ANWANI

Maneno ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya Mkutano Mkuu wa Wajumbe, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Tumepewa heshima ya kusema machache katika sherehe hii ya Chama chetu Kikuu. Wenzetu waliotangulia wamekwisha kueleza habari za maghala, za bei, na za mikorosho mipya iliyopandwa. Hatutayarudia hayo. Sisi tumeombwa na Bodi tueleze jambo lisilo na paa wala magurudumu, ambalo haliwezi hata kupigwa picha likapamba kijitabu hiki. Jambo lenyewe ni jinsi ofisi zetu zinavyotunza siku za kazi na anwani za watu katika daftari moja la pamoja, lililowekwa ndani ya seva ya barua pepe ya Chama. Huenda wengine wakadhani kwamba hayo ni mambo ya makarani peke yao. Tunaomba mtusikilize, kwani tunaamini ni mambo ya kila mtu mwenye gunia.

Wazee wetu walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika ushirika tumezoea kuyafahamu maneno hayo kwa upande wa fedha na kilo. Mkaguzi akija huuliza stakabadhi, huuliza kitabu cha mizani, huuliza hesabu ya benki. Wala hapana mjumbe hata mmoja hapa atakayekubali fedha za wanachama zihifadhiwe katika mfuko wa suruali ya mtu. Lakini siku nayo ni mali, na anwani nayo ni mali. Kwa muda mrefu mali hizo mbili zilikaa katika mifuko ya suruali, wala hakuna aliyeona ajabu.

Tazameni mwaka wa mkulima wa korosho. Mikorosho ikianza kutoa machipukizi na maua, ugonjwa wa ubwiri unga haungoji mtu. Salfa yapasa iwe mkononi mwa mkulima mapema, ipulizwe, kisha irudiwe tena na tena kwa nafasi ya majuma mawili hivi. Mfuko wa salfa unaofika kijijini baada ya maua kuungua ni vumbi la manjano tu, ijapokuwa umelipiwa bei ile ile. Baadaye huja mavuno, na hapo siku hufuatana: siku ya kufungua mizani katika chama cha msingi, siku ya lori kuchukua magunia kwenda ghala kuu, siku ya kupimwa ubora, siku ya mnada, siku ya mnunuzi kulipa, na mwisho siku ya fedha kuingia katika akaunti ya mkulima. Asiyeijua mojawapo ya siku hizo hupata hasara katika zile zinazofuata.

Nanyi mwamjua vema mnunuzi wa kangomba. Hana mizani bora kuliko yetu, wala hatoi bei inayoshinda ya mnada. Nguvu yake ni kwamba humkuta mkulima asiyejua atalipwa lini, ambaye mtoto wake anadaiwa sare ya shule, naye humpa fedha kidogo papo hapo. Mkulima ajuaye kwa hakika kwamba malipo yatafika Alhamisi aweza kuvumilia hadi Alhamisi. Mkulima aliyeambiwa "karibuni" hana cha kuvumilia. Kwa hiyo twasema wazi: mwanachama ajuaye siku na mwanachama asiyeijua hawako sawa, hata kama hisa zao ni sawa na kura zao ni sawa.

Sasa tueleze hali ilivyokuwa. Katika miaka ya kwanza ya Chama hiki kila ofisi ilikuwa na shajara yake. Mhasibu aliandika siku za malipo katika shajara yake, mtunza ghala aliandika za malori katika yake, na karani wa pembejeo alizihifadhi kichwani. Mikutano ya Bodi ilitangazwa kwa simu, kwa barua pepe, na kwa salamu. Kila mtu alifanya kazi kwa uaminifu, na bado mambo yaligongana.

Msimu mmoja mwenye malori aliahirisha safari kwa siku mbili kwa sababu ya ubovu wa barabara. Alipiga simu kama ilivyompasa, nayo simu ikapokewa na karani mmoja aliyekuwa njiani kwenda mazikoni, mahali pasipo na mtandao. Habari ikabaki naye. Wakulima wa vyama viwili vya msingi walileta magunia alfajiri, wakakaa nayo uwanjani siku kutwa, na jioni mvua ikanyesha. Ninyi mliokuwako mwakumbuka jinsi magunia yale yalivyoanikwa upya, na jinsi baadhi ya korosho ilivyoshuka daraja. Katika mkisa huo hapakuwa na mwizi wala mvivu. Mwenye malori alitoa habari. Karani alikuwa na haki ya kwenda kumzika ndugu yake. Kilichokosekana ni mahali pa kuiweka habari ile ili kila aliyehusika aikute bila kumtafuta mtu.

Habari ya anwani ilikuwa kama hiyo. Mtumishi wetu mmoja wa ghala alistaafu kwa heshima zote. Aliondoka na simu yake, aliyoinunua kwa fedha zake, na ndani ya simu hiyo mlikuwa na namba za madereva, za wapakiaji, za wakaguzi wa ubora na za mawakala wa wanunuzi, zilizokusanywa kwa miaka mingi ya kazi ya Chama. Hapana aliyeweza kumdai simu yake, wala yeye hakutunyima neno. Kila tulipomwuliza alijibu kwa wema. Lakini je, Chama Kikuu chafaa kiwe kinapiga hodi nyumbani kwa mzee aliyestaafu kila kinapotaka kumpata dereva?

Ndipo Bodi ilipoamua kwamba siku na anwani za Chama ziwekwe mahali pamoja. Seva tulikuwa nayo tayari kwa ajili ya barua pepe. Kwa wale wasioijua, seva ni kompyuta ya utumishi: haingoji mtu akae mbele yake, bali hukesha usiku na mchana ikizihudumia kompyuta na simu nyingine zinazoijia kwa haja mbalimbali. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupokea barua na kuzigawa, kama posta ifanyavyo.

Kwanza tulijaribu kutumia barua hizo hizo kutangaza siku, na inafaa tueleze kwa nini haikutosha, kwani hapo ndipo wengi hukwama. Barua pepe ni kitu kikongwe katika mambo ya kompyuta: Ray Tomlinson wa Marekani alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine katika mtandao mwaka 1971, na ndiye aliyechagua ile alama ya @ tuionayo katika kila anwani. Tangu siku hizo desturi ya barua ni kutoa nakala. Ukituma ratiba kwa watu ishirini, umezaa ratiba ishirini. Siku ikibadilika yakupasa kutuma nakala ishirini nyingine, na yule aliyesoma ya kwanza asiione ya pili amekwisha kupotea, tena amepotea akiwa na karatasi ya Chama mkononi kama ushahidi.

Kalenda ya pamoja haifanyi hivyo. Ni kitabu kimoja tu kilichofunguliwa, na kila mwenye ruhusa hukitazama kitabu hicho hicho. Siku ikibadilishwa mahali pamoja, imebadilika kwa wote. Daftari la anwani la pamoja ni vivyo hivyo: namba ya dereva ikisahihishwa na mtunza ghala leo asubuhi, mhasibu aitazamapo mchana huikuta iliyo sahihi.

Wajumbe wengine waliuliza, na walifanya vema kuuliza: je, simu zetu si za aina moja, zitaelewanaje na seva hiyo? Jibu ni kwamba watengenezaji wa mitambo hii, ijapokuwa hushindana sokoni, walipatana juu ya kanuni. Mwaka 1998 ilitangazwa kanuni ya namna ya kuandika tukio la kalenda, iitwayo iCalendar. Mwaka 2007 ikatangazwa CalDAV, inayoeleza jinsi simu na kompyuta zitakavyosoma na kuandika kalenda iliyoko katika seva. Mwaka 2011 ikafuata CardDAV, ambayo hufanya kazi hiyo kwa anwani. Mfano wake ni kilo. Mizani yaweza kutoka kiwanda chochote, lakini kilo ni kilo. Simu za iPhone zina uwezo wa kanuni hizo ndani yake; simu za Android huhitaji kuongezewa programu ndogo, kama ile iitwayo DAVx5. Baada ya hapo mtumishi hutia jina la seva, jina lake na neno lake la siri, na kalenda hufunguka.

Kanuni hizi zina faida nyingine inayowahusu wanachama hasa. Kwa kuwa ziko wazi, hatuko chini ya mfanyabiashara mmoja. Siku tukitaka kuhama kutoka programu moja kwenda nyingine, kalenda zetu na anwani zetu twaweza kuzitoa katika mafaili ya kawaida na kuondoka nazo. Zipo programu za seva zisizodai ada ya leseni, kama SOGo, Nextcloud na Radicale. Gharama iliyobaki ni ya mahali pa kuiweka seva, ya umeme, ya mtandao, na ya ujuzi wa fundi. Na hiyo Mhasibu ataieleza katika taarifa yake.

Waliuliza pia: mtandao ukikatika je? Simu huweka ndani yake nakala ya kalenda kama ilivyoiona mara ya mwisho. Mtu akiwa porini aweza kuisoma nakala hiyo, hata kuandika jambo jipya. Akifika penye mtandao, simu huiuliza seva ni nini kilichobadilika, hupokea mageuzi hayo tu, nayo hupeleka yake. Na ikiwa watu wawili wamebadilisha jambo lile lile kwa wakati mmoja, seva haimezi yote mawili. Kila tukio hubeba alama inayogeuka kila linapoandikwa upya. Anayefika wa pili na alama ya zamani hukataliwa, kama kusema: kilichoandikwa hapa si kile ulichokiona, soma kwanza, kisha uamue. Tunaona kwamba utaratibu huo ungefaa hata katika baadhi ya mabaraza yetu.

Mitambo peke yake haikutuletea amani. Ilitubidi tutunge masharti, na masharti hayo ndiyo urithi tunaotaka kuuacha kwa miaka kumi ijayo. Tutayataja moja moja.

Sharti la kwanza ni kwamba wasomaji wawe wengi, na waandishi wawe wachache. Tuna kalenda nne: ya mikutano, ya pembejeo, ya malori na ghala, na ya minada na malipo. Kila kalenda ina mwandishi mmoja na msaidizi wake. Makarani wote wa vyama vya msingi wana ruhusa ya kusoma kalenda zote nne, lakini hawawezi kufuta wala kugeuza. Kalenda ya mtumishi binafsi ni yake mwenyewe. Wengine huona tu kama saa fulani ana nafasi au hana, wala hawaoni kama anakwenda hospitali au harusini.

Sharti la pili lahusu saa, na hapa tunaomba mtege masikio, kwa sababu wageni waliotunga mitambo hii hawakuhesabu saa kama tuhesabuvyo sisi. Tusemapo saa mbili asubuhi, mtambo huandika 08:00. Karani akiandika 02:00 akidhani ndiyo saa mbili, ameuita mkutano saa nane ya usiku wa manane. Kwa hiyo tuliagiza kwamba mahali pa saa iandikwe saa ya mtambo, na katika kichwa cha tukio iandikwe kwa maneno: "Mnada, saa mbili asubuhi". Mambo hayo mawili yakipingana, msomaji atagundua kosa kabla ya siku kufika.

Kwa ndani seva huzihesabu saa kwa kipimo kimoja cha dunia, kisha humwonyesha kila mtu saa za kwake. Sisi wa Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya kipimo hicho mwaka mzima. Mnajua kwamba korosho ghafi ya nchi yetu hununuliwa kwa wingi na watu wa India na Vietnam. Tukimwita mnunuzi katika mazungumzo ya saa mbili asubuhi yetu, yule wa India ataona 10:30 na yule wa Vietnam ataona 12:00, wala hapana atakayehitaji kuhesabu vidole. Wanunuzi hatuwapi ruhusa ya kusoma kalenda zetu. Hupelekewa mwaliko wa tukio moja tu kwa barua pepe, nao hujibu kama watakuwako au la.

Sharti la tatu ni kusema kweli juu ya hali ya siku. Kanuni ya kalenda inakubali tukio liwe la kutazamiwa, au lililothibitishwa, au lililofutwa. Zamani siku iliyosemwa kwa kubahatisha ilipokewa kijijini kama ahadi. Sasa siku ya lori huandikwa kuwa ya kutazamiwa mpaka mwenye malori athibitishe. Na tukio likivunjika halifutwi likatoweka, bali huandikwa kwamba limefutwa, pamoja na sababu yake. Maana aliyeliona jana na leo asilione hujiuliza kama macho yake yalimdanganya.

Kuna siku ambazo kalenda huzijua yenyewe ikifundishwa mara moja. Siku ya Ushirika Duniani huwa Jumamosi ya kwanza ya Julai: mwaka 2025 ilikuwa tarehe 5, na kwa hesabu hiyo mwaka 2026 ni tarehe 4, na mwaka 2027 ni tarehe 3. Tuliandika kanuni hiyo mara moja, nayo hujirudia kila mwaka. Lakini Idd hufuata kuandama kwa mwezi, na hakuna seva iwezayo kuuona mwezi kwa niaba ya waumini. Siku hizo twaziandika kuwa za kutazamiwa, pamoja na siku iliyo kabla na iliyo baada, tusije tukapanga mnada juu ya sikukuu ya watu.

Sharti la nne ni kwamba anwani iwe ya cheo, isiwe ya mtu. Barua ya ghala hupelekwa katika anwani ya ghala, na barua ya katibu katika anwani ya katibu. Mtu huja na kuondoka, anwani hubaki na barua zake zote. Namba za simu huandikwa kwa ukamilifu zikianza na +255, ili zipigike kutoka nchi yoyote, na kila jina huandikiwa kazi yake na chama chake cha msingi. Twawasihi watumishi wasiandike "Juma wa lori", maana mkoani hapa wakina Juma wa malori hawahesabiki.

Sharti la tano ni la siri. Daftari la anwani si rejista ya wanachama. Ndani yake mna anwani za kazi tu: viongozi, makarani, madereva, mabwana shamba, mawakala. Namba za akaunti za wakulima, kilo zao na madeni yao hayaingii humo kabisa. Hayo yana vitabu vyake vyenye kufuli yake. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo yatutaka tukusanye yale tu yenye haja, tuyatumie kwa kazi ile tu tuliyoyakusanyia, na tuyalinde. Hata kama sheria hiyo isingekuwako, adabu ya ushirika ingetuelekeza hivyo. Mkulima alitupa namba yake ili tumwite kwenye mizani, hakutupa ili muuzaji wa bidhaa ampigie usiku.

Sharti la sita ni la funguo na akiba. Kila mtumishi ana neno lake la siri, wala hapana neno la siri la ofisi nzima, kwani likishakuwa la wote, hakuna anayeweza kuulizwa. Mtumishi akiacha kazi, mlango wake hufungwa siku hiyo hiyo, bali alichokiandika hubaki. Uwezo wa kusimamia seva uko mikononi mwa watu wawili, kama kasiki lenye funguo mbili. Na kila usiku hutolewa nakala ya akiba ya kalenda, anwani na barua, ikawekwa mahali pengine mbali na seva. Kila robo mwaka fundi huifungua nakala hiyo mbele ya mjumbe wa Kamati ya Usimamizi ili kuona kama yasomeka. Nakala isiyopata kujaribiwa ni kama ghala ambalo hujapata kulifungua: husemi kwamba limejaa.

Sharti la saba, na kwa maoni yetu ndilo lililo kubwa, ni kwamba kalenda isiishie katika simu. Wanachama wetu wengi wana simu ndogo za vitochi, na wako wasio na simu kabisa. Ikiwa kalenda hii itawafaa makarani peke yao, basi tutakuwa tumeihamisha siku kutoka mfuko wa mtu mmoja kwenda mifuko ya watu ishirini, na mkulima angali nje. Kwa hiyo kila Jumatatu karani wa chama cha msingi huchapa siku za majuma mawili yajayo kwa herufi kubwa, akazibandika penye mizani. Asiye na mashine ya kuchapa huziandika kwa mkono. Siku ya malipo au ya lori ikibadilika katikati ya juma, ujumbe mfupi hupelekwa kwa viongozi wa matawi, nao huutangaza mahali watu wakutanikapo. Ubao na ujumbe vyote viwili vyatoka katika kalenda ile moja, na hilo ndilo linalozuia mabaraza mawili kusema siku mbili.

Bwana Mwenyekiti, hatutaki kuwapamba wajumbe kwa maneno. Wapo viongozi wa vyama vya msingi ambao hawakuufurahia utaratibu huu, na sababu zao zastahili heshima. Mmoja alisema kwamba mkulima akiisoma siku ubaoni, hatakuja tena kumwuliza mwenyekiti wake, na uongozi utapungua heshima. Twamjibu kwa unyenyekevu kwamba heshima ya kiongozi haikujengwa juu ya kujua Alhamisi. Akiisha kupumzika na maswali ya "lini", atapata nafasi ya maswali ya "kwa nini" na ya "kwa bei gani", na hayo ndiyo maswali ya uongozi.

Mwingine alisema kwamba siku zikiandikwa wazi, Chama kitashtakiwa kila siku itakapokosekana. Hilo ni kweli, wala hatulikanushi. Siku iliyoandikwa yaweza kudaiwa. Mkulima atakuja na kusema: iliandikwa kwamba malipo ni tarehe 14, na leo ni tarehe 17. Lakini hebu tupime. Zamani ucheleweshaji ulikuwako pia, ila haukuwa na mahali pa kushikwa. Kila ofisi iliielekeza nyingine, na mkulima akarudi nyumbani amechoka. Sasa kalenda huonyesha mnunuzi alitakiwa kulipa lini, alilipa lini, na fedha zilikaa ofisini siku ngapi. Ikiwa kosa ni la mnunuzi, tunayo hoja ya kumkabili. Ikiwa kosa ni letu, wanachama wanayo hoja ya kutukabili. Hicho si kilema cha kalenda. Hicho ndicho chama cha ushirika.

Kwa sababu hiyo Bodi imeleta azimio mbele yenu leo, lenye vifungu vitatu. Kifungu cha kwanza: siku yoyote ya mizani, lori, mnada, malipo au mkutano isihesabiwe kuwa siku ya Chama mpaka iwe imeandikwa katika kalenda ya pamoja. Kifungu cha pili: kalenda na daftari la anwani ziandikwe katika orodha ya mali za Chama, pamoja na mizani, maghala na magari, na zikabidhiwe kwa maandishi kila kiongozi au mtumishi anapobadilishwa. Kifungu cha tatu: kila chama cha msingi kiwe na ubao penye mizani, na karani aulizwe juu ya ubao huo kama aulizwavyo juu ya kitabu cha stakabadhi.

Tunajua kwamba kifungu cha kwanza kitawabana wengine, na watakaobanwa zaidi ni sisi wenyewe wa Chama Kikuu, maana ndio tuliokuwa tukizijua siku kabla ya wote. Tunawaomba mkipitishe hata hivyo. Jadilini kwa uwazi, ongezeni mnaloona limepungua, na mkishakubaliana mtushikishe neno letu.

Miaka kumi iliyopita waasisi wa Chama hiki walikubaliana kwamba gunia la mtu mnyonge lipimwe katika mizani ile ile inayopima la mwenye nguvu. Lililobaki ni kwamba wote wawili waijue siku ya mizani kwa wakati mmoja.

 Udumu Ushirika!